Birika la Bi Tatu

Matangani, mji mzima ulimwona Bi Tatu akimnawisha mikono mtu aliyemuua mwanawe, kisha akala naye sahani moja. Watu walilia. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuweka kinyongo hadharani.

Sasa walikuwa wamejazana sebuleni kwa Mwanakheri. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umebabuka. Mumewe, Sefu, alikuwa amemmwagia uji wa moto. Sefu aliketi mkekani, mikono mbele, akingoja kunawishwa.

"Bi Tatu alisamehe damu," wifi yake alimwambia Mwanakheri. "Wewe uji tu unakushinda?"

Wakamkabidhi birika lile lile Bi Tatu alilotumia matangani. Mwanakheri alilitikisa.

"Halina maji," akasema kwa upole. "Ngojeni nikalijaze."

Alipoingia jikoni, watu walipiga vigelegele. Bi Tatu, aliyeketi karibu na mlango, ndiye pekee aliyesikia kiberiti kikiwashwa, kisha upepeo ukichochea makaa.

Sefu akataka kuinuka. "Mbona anakawia?"

Bi Tatu alimshika bega, akamkalisha. "Tulia, mwanangu. Msamaha hauna haraka."

Jikoni, kifuniko cha birika kikaanza kuchezacheza.