Surua ya Fundi Chumvi

Kwa mara ya tano asubuhi hiyo, fundi viatu alijifungia msalani, akatoa ulimi mbele ya kipande cha kioo na kuukagua kama soli ya kiatu cha mteja msumbufu. Safi. Akafunua tumbo. Hamna doa. Akajipapasa shingo, akakuta kipele kimoja, moyo ukamruka. Kumbe mbu.

Ilikuwa siku ya kumi na mbili. Bado tisa mlango ufunguliwe.

Mtaani walimwita Chumvi, maana hadithi yoyote aliyoigusa ilikolea. Ndiye aliyemshonea kiatu jitu lililovaa namba sitini. Ndiye aliyemnasa fisi kwa gundi. Watu walicheka, yakaishia hapo. Lakini surua ilipoingia shuleni na darasa la kwanza likageuzwa wadi, daktari alisimama mlangoni, funguo mkononi. Chanjo ilikuwa imekwisha, nyingine iko njiani.

"Nataka mtu wa kumsaidia muuguzi," akasema. "Awe amewahi kuugua surua. Na akiingia, hatoki mpaka wiki tatu ziishe."

Humo ndani alikuwemo Sisimizi, mjukuu wa Chumvi, miaka sita, akilia "babu, babu".

"Mimi hapa!" Chumvi akadakia. "Niliugua mpaka kuku wakanikimbia. Madoa yalinijaa, mengine yakakosa nafasi, yakahamia ukutani."

Wote wakacheka, isipokuwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, Chumvi akiwa hajajua hata kutembea. Dada huyo alimbishia kila kitu; Chumvi akisema jua limechomoza, yeye hutoka nje kuhakikisha. Siku hiyo alitazama chini tu. Mlango ukafungwa, komeo likalia.

Vitanda kumi na viwili. Madirisha ya nondo, mapazia mazito, kwa kuwa macho ya wagonjwa hayakutaka mwanga. Kikohozi kikipokezana kutoka kona hii hadi ile. Chumvi alikanda vipaji vya nyuso kwa maji, akanywesha supu kwa kijiko, akasimulia habari za lile jitu. Sisimizi hakupata usingizi mpaka akamate kidole gumba cha babu yake.

"Babu, mbona wewe huugui?" akauliza siku moja.

Muuguzi akamjibia. "Damu ya babu ina askari. Ugonjwa ukija mara ya kwanza hawaujui. Wanapoteza siku nzima nzima kuuchunguza, nao huku unabomoa nyumba. Lakini wakiushinda, basi. Ukirudi, wanautambua hata kwa kisigino, wanaumaliza mlangoni."

"Na babu akisahau?"

"Babu anaweza kusahau. Wao hawasahau."

Chumvi akacheka kwa sauti kubwa kuliko kichekesho chenyewe. Askari wake hawakuwahi kuonyeshwa hata picha ya huyo adui! Tangu hapo, mtoto akikohoa, yeye alibana pumzi. Mara ngapi aliinuka aende akagonge mlango, apige kelele, akiri, atolewe. Kila mara kidole gumba kilibanwa, akaketi tena.

Alasiri ya siku hiyo ya kumi na mbili, kichwa kilianza kumgonga. Dada yake akaja dirishani, akasogea karibu kuliko ilivyoruhusiwa.

"Dada," Chumvi akanong'ona, "nikifa, Sisimizi umchukue wewe. Nilidanganya. Surua sijawahi kuugua hata siku moja."

Akainamisha kichwa, akasubiri kusutwa. Dada akashika nondo kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu, katika yote uliyowahi kusema, hilo moja la kuugua surua lilikuwa kweli. Uliugua ukiwa na miezi kumi. Hapakubaki pa kuweka kidole."

Chumvi akaegemea ukuta, akacheka mpaka machozi yakamtoka, hata watoto nao wakacheka bila kujua wanachekea nini.

"Miaka sitini!" akasema. "Miaka sitini mmenificha habari tamu kama hiyo! Kisa?"

Dada hakucheka.

"Mama ndiye aliyekuuguza," akasema. "Yeye hakuwa amewahi kuugua."