Saa ya Stoo

Jumanne, tarehe 3 Aprili 2018. Mawingu mazito yalitanda juu ya Windhoek tangu alfajiri, lakini mvua haikunyesha. Tangeni, fundi wa kompyuta wa zahanati, alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya kibodi kwa muda mrefu.

"Unatengeneza au unasali?" aliuliza Mama Ndahafa, au Meme kama walivyomwita, muuguzi mkuu.

"Nasali, Meme. Sala ya asubuhi imenipita."

Nyuma yao Hilya, muuguzi wa zamu ya usiku, alikumbatia mkoba wake. Friji la chanjo stooni lilikutwa wazi asubuhi hiyo, dawa zote zimeharibika, na kina mama wamerudishwa na watoto wao. Kwenye rafu yake ya ndani palikutwa chupa ya oshikundu, kinywaji cha uwele. Hilya alisema si yake. Lakini kompyuta ya stoo iliandika kwamba mlango ulifunguliwa mara ya mwisho saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, na zamu yake huisha saa moja. Barua ya kumfukuza ilikuwa mezani, kando ya chupa.

Alijitetea tena. Ana wadogo zake wanne wanaomtegemea.

"Mashine haina shemeji, mwanangu," alisema Meme.

Tangeni alikuwa ameliona kosa tangu dakika ya kwanza. Nchi iliacha desturi ya kurudisha saa nyuma kila majira ya baridi mwaka uliopita, ila kompyuta hii haikuambiwa. Jumapili ilijirudisha nyuma saa nzima. Hakuna mwingine pale ambaye angeligundua. Angeweza kusema iko sawa, akaenda zake.

Akaivuta kibodi karibu. Akaandika amri moja, kompyuta ifuate saa za Maputo, zinazolingana na za Windhoek na zisizobadilika mwaka mzima. Akaifungua tena orodha.

Mlango ulifunguliwa saa moja na dakika arobaini.

Hilya alikaa chini, akalia. Wauguzi wa mchana walimpigapiga mabegani, wakamtania kwamba amezaliwa upya.

Meme hakucheka. "Saa moja na dakika arobaini sisi wauguzi sote tulikuwa uani, tunasali."

Tangeni akainuka, akaichukua chupa mezani, akaitia kwenye begi lake la vifaa.

"Mbele yenu wote naahidi," alisema, "jina likishabadilishwa kuwa langu kwenye barua hiyo, nitaipokea bila kubisha."