Pumzi ya Marehemu

Eda ilipokwisha, Shemsa alikwenda maabara kuchukua vitu vya marehemu mumewe. Raya, aliyekuwa akifanya kazi na marehemu meza moja, alimkabidhi viatu, koti na miwani. Kichupa kimoja alikiacha ndani ya friji yenye mlango wa kioo.

"Na hicho je? Kina jina lake."

"Hicho ni cha kazi, dada. Ni chumvi ya majimaji. Inameza hewa ukaa, ile tunayoitoa puani, na yenyewe haiongezeki ujazo." Raya akasita. "Alipuliza humo kwa mrija, wiki ile aliyougua."

"Kwa hiyo pumzi yake bado imo."

"Imo. Nakuomba uniachie."

Shemsa aliyatazama machozi yanavyomlengalenga mwenzake, akaelewa kwa nini mumewe alikuwa akichelewa kurudi nyumbani.

"Na inatokaje?" aliuliza kwa upole.

Raya alizoea kuwaeleza wageni, akajibu kabla hajafikiri. "Ukiipasha moto."

Shemsa akakitoa kichupa, akakifungua, akakiweka juu ya jiko la umeme lililokuwa linawaka mezani. Raya akanyoosha mkono.

"Mjane ni mimi," Shemsa alisema, na mkono ule ukarudi.

Mapovu yakaanza kupanda, madogo, mengi. Raya akainama, akauleta uso wake juu ya kichupa, akafumba macho na kuvuta pumzi kwa nguvu.

Shemsa akaenda ukutani, akawasha feni.