Kopo la Maswali Yaliyomshinda

Mara mbili mhandisi alisoma kitabu kizima, mwanzo hadi mwisho, na mara mbili mtihani wa leseni ukambwaga. Safari hii alikifunga. Kila swali lililomshinda aliliandika kwenye kikaratasi, jibu lake nyuma, akakitia kwenye kopo tupu la maziwa; alilolipata ndani ya muda alilitoa. Mama mkwe akawa mshika saa, kwa kengele ya simu yake: dakika sita kwa swali, wala hakuna kubembelezana.

Asubuhi ile kopo lilibaki na kikaratasi kimoja. Boriti ya zege, ile ile iliyomtoa jasho mwaka jana.

Akaanza. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye kitufe cha kalkuleta kilichofutika namba. Akapiga mstari chini ya jibu, akageuza kikaratasi. Jibu la nyuma lilikuwa lile lile, na kengele ya simu ilikuwa bado haijalia.

"Mama, nimemaliza kabla ya kengele," alisema.

Mama mkwe hakushangaa. Alimgeuzia simu. Zilikuwa zimesalia sekunde thelathini.

"Tangu wiki jana naweka dakika nne, mwanangu," alisema. "Mbili nimekuwekea akiba, za kutetemeka siku ya mtihani."