Pamba Machoni pa Fundi Magodoro

"Naona pamba!"

Fundi Magodoro alitupa fimbo yake ya kuchambulia, akasimama katikati ya karakana na mikono mbele kama mtu aliyezimikiwa taa. "Jamani, naona pamba! Pamba tupu!"

Shemeji yake, aliyekuwa akikata vitambaa vya foronya mlangoni, hakunyanyua hata kichwa. "Shemeji, wewe ni fundi magodoro. Ulitaka uone nini, samaki?"

"Usinichezee. Hii imo ndani ya jicho."

"Na hiyo iliyomo ndani ya sikio je? Na ya kwenye masharubu?"

Ni kweli, pamba ilielea mle ndani kama moshi wa kuni mbichi. Ilitua kiparani, ikatua kwenye chai, ikatua popote palipo na pa kutua. Lakini fundi hakuwa mtu wa kubembelezwa siku hiyo. Alimgeukia mkewe, aliyekuwa kwenye cherehani.

"Mama, vaa viatu twende hospitali. Daktari alisema nini? Si alisema madoa kama pamba?"

Mkewe alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, maana siku hizi vioo vilikuwa vikichafuka ovyo. "Miadi ya macho ni leo alasiri, mzee. Malizia godoro la watu kwanza."

Daktari wa ini alikuwa amesema hivyo kweli. Aliwakalisha mtu na mkewe, akawaeleza kwamba virusi vya ini vitapigwa kwa sindano ya interferoni kila wiki, na kwamba sindano hiyo ina vituko vyake. Homa. Mwili kuuma. Chakula kukosa ladha. Na macho nayo: wengine huota kope ndefu kama za ngamia, hilo la kucheka, lakini wengine, kule nyuma kabisa ya jicho, hutokewa na madoa meupe kama pamba, au damu ikavuja.

"Hapo sasa si pa kucheka," alisema. "Yakizidi, nitalazimika kusimamisha sindano."

Na zikisimama wakati virusi ndiyo kwanza vimeanza kutimua mbio, vitarudi na ukoo mzima.

Tangu hapo fundi hakubakiza kituko. Homa ilimshika jioni ile ile ya sindano ya kwanza. Alijifunika magodoro juu ya magodoro, na bado meno yakagongana mpaka jirani akaja kuuliza nani anatwanga. Mwili ukamuuma kuanzia utosini hadi kwenye kucha. Uji ukawa mchungu, chai ikawa kama maji ya betri. Mkewe, mtu wa chuma, alimkanda miguu, akampepea, akarudi zake kwenye cherehani akiimba.

Kope tu ndizo zilizomgomea. Kila asubuhi alizipima kwa utepe wa kushonea mbele ya kioo, akasonya.

Chumba cha sindano ndicho kilichokuwa kiboko yake. Alifumba macho, akauma leso, akasikilizia mpaka nesi aseme, "Tayari, mzee. Imekwisha, fumbua macho."

"Asante, mwanangu. Leo imeuma kuliko ya wiki jana."

"Nimeona, mzee," nesi alijibu, midomo kaibana.

Basi alasiri hiyo walifika hospitali. Mkewe alikwenda dirishani kuandikisha. Fundi angengojaje? Aliona mlango mmoja uko wazi, akaingia kama mbuzi aliyeona shamba la mahindi, akakaa kitini na kupachika kidevu kwenye mashine kabla hata ya salamu.

"Sindano za ini," alihema. "Interferoni. Naona pamba."

Daktari kijana aliyekuwa akitafuna karanga aliacha kutafuna. "Tangu lini?"

"Asubuhi. Niambie ukweli, daktari. Ikiwepo, sindano zitasimamishwa?"

"Ikiwa nyingi, zinaweza kusimamishwa."

"Basi ing'oe! Mimi fundi, najua pamba hutoka!"

Daktari alimtia matone, akasubiri mboni zipanuke. Dunia ikageuka ukungu. Kisha akazima taa, na mwanga mwembamba ukaingia jichoni kama mwizi mwenye tochi.

"Angalia juu. Angalia chini. Sasa angalia sikio langu. Sikio, mzee. Huko ni mdomoni, na sijasema kitu."

Fundi aliapa moyoni kuacha sukari, kuacha ubishi, na kuacha kumwita mama mkwe lile jina.

"Mzee," daktari alisema hatimaye, "nyuma ya macho yako ni safi kama kioo kipya. Hakuna doa, hakuna damu. Pamba ninayoiona mimi iko kwenye nyusi."

Fundi aliruka. Alimkumbatia daktari, akaikumbatia mashine, na kwa kuwa hakuwa akiona sawasawa, akalikumbatia na koti lililotundikwa ukutani, akaanza kucheza nalo. "Ziendelee! Sindano ziendelee! Mama! Mama, uko wapi? Tumepona!"

Mlango ulifunguka. Daktari mkuu wa macho aliingia kutoka chumba cha pili, amemshika mkono mke wa fundi, ambaye alikuwa akipapasa ukuta huku matone yakimtiririka mashavuni.

"Nimemaliza kumpima mama huyu. Macho yake hayana doa, sindano zake ziendelee mpaka mwisho," alisema, kisha akamkodolea macho fundi na lile koti. "Na huyu je, nani anamchoma?"

"Hakuna, daktari, huyo ni mume wangu," alijibu mkewe. "Mimi nachomwa, yeye ndiye anayeumwa."