Aibu Niliyompa Sikitu

Chuoni kwetu katuni haichorwi tu. Kila mwanakikundi humpa mhusika kitu kimoja cha kwake, na akishakitoa hakirudi.

Tumsifu alimpa Sikitu, mhusika wetu, mwendo wake wa kudunda. Tangu siku hiyo Tumsifu mwenyewe hutembea kama mtu anayevuka maji. Bihindi alimpa chafya zake za mara tatu tatu. Mimi nikampa aibu yangu, ile ya kuinamisha kichwa na kuziba mdomo kwa kiganja kabla ya kucheka. Nani angeililia aibu?

Kwenye ripoti ya mradi tuliulizwa, "Umekua vipi?" Nikajaza kurasa mbili. Zamani nilitetemeka nikitajwa jina tu darasani. Juzi nilisimama mbele ya ukumbi mzima nikaieleza filamu yetu ya katuni. Mwalimu akaandika pembeni: "Hongera, Nyamizi. Umekomaa."

Nikaipeleka filamu nyumbani, mama aione. Aliitazama ikimulikwa ukutani huku akimenya ndizi. Sikitu alipoinama akaziba mdomo, kisu cha mama kikasimama. Akairudisha sehemu ile mara ya pili, mara ya tano, chumba kizima kikielea katika rangi ya samawati ya filamu.

"Mama, mimi ndiye niliyeieleza mbele ya watu wote," nikasema, bila woga wowote.

"Nimesikia," akanijibu kwa adabu, kama anayemjibu mgeni. Kisha sauti yake ikalainika. "Umekula, mwanangu?"

Nikafungua mdomo nijibu. Macho yake yalikuwa ukutani, kwa Sikitu.