Mluzi wa Zamani

Ndama wa tembo alikuwa anazama topeni, na Nyamizi alikuwa peke yake. Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi kazini hifadhini baada ya miaka mingi ya kulea wanawe, na redio alikuwa bado hajapewa. Akaingia hadi kiunoni, akakiinua kichwa cha ndama begani, mkonga ukimhemea shingoni. Kelele za mtu hazivuki matete yaliyolizunguka tope lile; mluzi huvuka. Akapiga mluzi wa askari wa doria: njooni. Akaurudia mpaka midomo ikapasuka.

Hakuna aliyekuja. Mikono ikafa ganzi.

Matete yalipofunguka, Shigela, askari aliyefanya naye kazi zamani, na wenzake wa doria walitokea wamemwelekezea bunduki.

"Mama, kumbe ni wewe?" Shigela akashusha yake. "Tumelala hapo muda wote tukikuvizia."

"Nimepiga mluzi."

"Majangili waliuiba zamani, tukauacha. Siku hizi tukiusikia tunajua ni wao."

"Mbona hamkuniambia?"

Shigela akatazama tope. "Tulisahau kwamba hukuwepo."

Nyamizi hakutoka. Mkonga ulikuwa bado umemlalia shingoni, umepoa, hauhemi tena. Akahesabu alivyopoteza: ndama mmoja, jike, na mluzi pekee aliokuwa akiujua.